Pima kwanza, kata baadaye: mwongozo kamili wa kupunguza bili za nyumbani

Nyumba ikibanwa na pesa, kitu cha kwanza kukatwa huwa ni kile kinachoonekana. Mtoto anakemewa kwa taa aliyoisahau chumbani, sabuni inafichwa, sukari inapimwa kwa kijiko. Wiki mbili zinapita kwa manung'uniko, kisha bili inakuja ileile. Hapo ndipo watu hukata tamaa na kusema maisha yamepanda tu, hakuna la kufanya.

La kufanya lipo, ila linaanza kwingine. Pesa za nyumbani hutoroka pale ambapo hakuna anayepima: kwenye tangi la choo linalovuja kimyakimya, kwenye hita inayowaka mchana kutwa, kwenye pakiti ndogo ndogo zinazonunuliwa kila jioni, kwenye riba ambayo hakuna aliyekaa akaipigia hesabu. Utaratibu wa mwongozo huu ni huu: pima, ziba panapovuja, halafu zile pesa za kwanza utakazookoa usizile. Zigeuze mtaji wa nyumba yenyewe. Wengi hufika kwenye kuziba wakaishia hapo, na baada ya miezi mitatu wanajikuta walikoanzia.

Hatua ya 1: Daftari la siku 30

Chukua daftari la kawaida, funga kalamu kwa uzi, uliweke jikoni. Kwa siku 30 kila anayetoa pesa aandike siku hiyohiyo: tarehe, kitu, kiasi, na jina lake. Simu nayo inafaa, lakini daftari la jikoni lina faida moja kubwa, kwamba kila mtu analiona na kila mtu anaweza kuandika. Katika siku hizo usibadilishe matumizi yoyote. Unatafuta picha ya kweli ya nyumba yako, si picha ya nyumba iliyojipanga kwa ajili ya mgeni.

Angalizo moja, na nalisema kwa sababu nimeliona likiharibu kazi nzuri: daftari lisigeuke hati ya mashtaka. Siku utakayosimama mbele ya watu ukisoma nani alinunua nini, ndiyo siku watakayoanza kuficha, na hesabu yako yote itakuwa ya uongo. Kaeni pamoja, someni jumla, msisome majina.

Mwezi ukiisha, gawa matumizi mafungu manne. La kwanza ni yale yasiyobadilika mwezi hadi mwezi, kama kodi ya nyumba, ada na marejesho ya mkopo. La pili ni yanayopanda na kushuka kulingana na mnavyotumia: umeme, maji, gesi, bando, nauli. La tatu ni sokoni na dukani. La nne ni ya dharura. Kazi yako kubwa iko kwenye fungu la pili na la tatu. Ukikuta kitu kidogo kinachojirudia kila siku, kizidishe mara 30, kisha mara 12, uandike jibu pembeni kwa kalamu nyekundu. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe huonekana vizuri zaidi likiandikwa kwa mwaka mzima.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma mita ya umeme

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu akishajua kusoma mita, hadanganyiki tena.

Umeme unauzwa kwa uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Wati za kifaa zimeandikwa kwenye kibandiko nyuma au chini yake. Hesabu ni moja tu: wati mara saa za matumizi, gawanya kwa 1,000.

Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30 hula uniti 9. Balbu ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, kwa muda uleule hula uniti 1.35. Sasa geukia bafuni. Bafu la umeme la wati 5,500 likitumika dakika 10 hula uniti 0.92. Kwa umeme huo, balbu ile ya LED ingewaka zaidi ya saa 100. Kwa hiyo mzazi anayemgombeza mtoto kwa taa kisha akaingia kuoga maji ya moto kwa dakika ishirini, gogo analo bafuni huku anahangaika na kijiti.

Mita nyingi za kisasa zina taa ndogo inayometameta, na karibu yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Maana yake taa ikimeta mara 1,000, uniti moja imekwisha. Hesabu sekunde kutoka mmeto mmoja hadi mwingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika nyumbani kwako wakati huo. Kama mita yako imeandikwa 1600 imp/kWh, badala ya 3,600 tumia 2,250.

Usiku mmoja nilizima kila nilichokikumbuka, nikaenda kwenye mita na tochi. Taa ilikuwa inameta kila baada ya sekunde 20. Gawanya 3,600 kwa 20: wati 180, nyumba ikiwa giza totoro! Nilibaki pale nimeshika saa, mwenzangu akawa anachomoa plagi moja moja ndani na kuniita. Alipochomoa friji kuukuu la stoo, lililokuwa limebeba chupa tatu za maji na si kingine, mmeto uliofuata ulichukua dakika mbili nzima. Kutoka wati 180 tukashuka hadi 30. Friji lile lilikuwa linavuta wati 150, na hata mota yake ikizunguka theluthi moja tu ya siku, hizo ni uniti 36 kwa mwezi kwa ajili ya chupa tatu.

Zile wati 30 zilizobaki nazo zina kisa chao. Zilikuwa runinga, spika, kompyuta na chaja ambazo zimezimwa kwa rimoti au zimeachwa kwenye soketi. Wati 30, saa 24, siku 30: uniti 21.6. Tulinunua ekstensheni yenye swichi, tukachomeka vyote humo, na anayelala wa mwisho anabonyeza swichi moja.

Fanya jaribio hilo usiku, ukianza na kila kitu kimezimwa, kisha washa kimoja kimoja na uandike. Ukizima swichi kuu ya ndani na bado taa ya mita inameta, kuna tatizo kwenye waya au kuna mtu mwingine amelishwa na mita yako. Usifungue chochote mwenyewe. Mwite fundi umeme mwenye leseni au toa taarifa kwa wanaokuuzia umeme.

Hatua ya 3: Fuata joto na baridi

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kifaa kinachotengeneza joto au baridi ndicho kinachokula. Simu, ukiichaji hadi ijae kila siku, kwa mwezi haifiki hata uniti moja. Acha kugombana kuhusu chaja. Nenda kwenye vitu hivi.

Hita ya tangi: iwashe kwa saa maalumu, nusu saa au saa moja kabla ya kuoga, badala ya kuiacha mchana kutwa ikipasha maji yanayopoa bila kutumika. Kidhibiti joto chake kiweke kwenye nyuzi 60 za Selsiasi. Usishuke chini ya hapo kwa maji yanayohifadhiwa tangini, kwani bakteria wa Legionella, wanaoleta nimonia kali, huzaliana kwenye maji ya vuguvugu. Kuoga kwa ndoo kuna heshima yake pia: lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 40 zinahitaji nusu uniti au pungufu kidogo, na zikiisha zimeisha.

Birika la umeme: chemsha kiasi unachotaka kunywa. Lita moja kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka hula takriban uniti 0.09. Inaonekana kidogo, lakini lita moja ya ziada mara nne kwa siku inafika uniti 11 kwa mwezi, za maji yaliyoachwa yapoe.

Pasi: kusanya nguo za wiki uzipige kwa mkupuo mmoja, anza na zinazohitaji joto dogo, na ichomoe zikiwa zimebaki mbili au tatu. Joto lililobaki linazitosha. Mashine ya kufulia nayo hutumia umeme mwingi zaidi kupasha maji kuliko kuzungusha nguo, kwa hiyo tumia maji ya baridi isipokuwa kwa nguo za mgonjwa, nepi na vitu vya aina hiyo.

Friji: nyuzi 4 zinatosha kwa chakula, na nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sehemu ya kugandisha. Bana karatasi mlangoni, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, raba ya mlango imechoka na baridi inatoroka saa zote. Raba hubadilishwa, na ni nafuu kuliko friji jipya. Acha nafasi nyuma yake ipite hewa, futa vumbi kwenye vile vibomba vya nyuma, yeyusha barafu kabla haijawa nene, na usiingize sufuria inayofuka mvuke.

Kiyoyozi ndicho mlaji mkubwa kuliko vyote penye joto kali. Feni hutumia wati 50 hadi 75 tu, wakati kiyoyozi cha chumba hupita 1,000 kirahisi. Kama huna budi, kiweke nyuzi 25 au 26 ukiwasha na feni, ufunge mapazia upande wa jua na kuziba nyufa za milango. Kwa wanaopasha nyumba kwa sababu ya baridi, nyufa hizohizo ndizo adui.

Hatua ya 4: Jikoni

Maji yakishachemka hayapati moto zaidi. Usawa wa bahari, nyuzi 100 ndio mwisho, hata ukiweka moto wa kuchoma nyumba. Moto mkali juu ya sufuria inayochemka haupiki haraka zaidi. Unatengeneza mvuke tu. Na mvuke ni ghali: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto zaidi ya mara sita ya lile lililoichemsha kutoka nyuzi 20. Kwa hiyo mara tu sufuria inapochemka, punguza moto hadi uone vipovu vichache tu vikipanda, na funika. Chakula kitaiva kwa muda uleule. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kutoka sehemu hii, chukua hicho, kwa sababu hakihitaji kununua chochote na kinaanza leo jioni.

Sufuria ya presha inafanya kazi kwa sababu mvuke uliobanwa hupandisha joto la ndani hadi karibu nyuzi 120, na chakula kigumu huiva kwa nusu ya muda au chini ya hapo. Kwa nyumba inayopika maharage au nyama ngumu mara kwa mara, hiki ndicho chombo ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote. Osha tundu la kutolea mvuke kila mara na usijaze zaidi ya theluthi mbili, au nusu kwa vyakula vinavyofura.

Asiye nayo ana kapu la joto. Tafuta kapu au boksi imara, lijaze blanketi kuukuu, nguo chakavu au majani makavu, ukiacha shimo la sufuria katikati. Chemsha chakula kwa dakika 10 au 15 kikiwa kimefunikwa, kiweke kwenye kapu bila kufunua, kisha juu yake weka mto mzito. Kitaendelea kuiva chenyewe kwa saa kadhaa. Sufuria ijae vya kutosha, maana chakula kidogo hupoa haraka, na kabla ya kula kirudishe motoni hadi kichemke tena. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji yale, kisha yachemshe kwa nguvu dakika zisizopungua 10 kabla ya kuyaingiza kapuni. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili ambayo joto la chini haliiui.

Kwa wanaotumia gesi, tazama rangi ya moto. Mwali wa bluu unaunguza gesi vizuri. Ukiwa wa njano na sufuria zinapata masizi, vitundu vya jiko vimeziba: visafishe kwa brashi na sindano jiko likiwa limezimwa na limepoa. Moto usipande ubavuni mwa sufuria, huko unapasha hewa tu. Paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio kila unapobadilisha mtungi; likitoa mapovu, gesi inavuja. Usijaribu hata siku moja kwa kiberiti. Na unaponunua, pima mtungi kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Toa huo kwenye uzito uliosomwa, kinachobaki ndicho gesi uliyolipia. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Andika tarehe ulipoufungua, maana bila tarehe huwezi kujua kama mabadiliko yako yamesaidia.

Kuni ziwe kavu kabisa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya joto lake kukausha maji yake yenyewe. Jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, hata kama ni kwa ajili ya kupasha mwili tu: hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.

Hatua ya 5: Maji

Usiku, baada ya kila mtu kuoga, piga picha mita ya maji. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kugusa koki, piga tena. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja.

Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya chini haizibi, na maji yanapita usiku na mchana bila sauti. Mshukiwa wa pili ni koki inayodondosha. Weka bilauri chini yake kwa saa moja. Bilauri ya mililita 250 ikijaa, hizo ni lita 6 kwa siku na lita 180 kwa mwezi. Nyingi ya koki hizo hazihitaji kubadilishwa: funga bomba kuu, fungua koki ili maji yaishe, zungusha kichwa kwa spana, toa kiraba kilichochakaa, nenda nacho dukani wakupe kinachofanana. Kazi nzima ni robo saa.

Tangi za zamani huweza kutoa lita 13 au zaidi kwa kila kuvuta, wakati za kisasa hutoa 6 au pungufu. Kama yako ni ya zamani, jaza chupa ya lita moja maji, ifunge vizuri, iweke ndani ya tangi mbali na boya. Kila kuvuta utaokoa lita moja. Bafu la mvua nalo lipime: kinga ndoo ya lita 10 na uangalie saa. Ikijaa kwa dakika moja, kila dakika unayosimama pale ni lita 10. Maji ya kusuuzia nguo yakingwe ndooni yamwagiwe chooni.

Hatua ya 6: Sokoni, dukani, na pipa la taka

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilikadiria kwamba tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa duniani mwaka 2022, na asilimia 60 ya hizo zilitupwa majumbani. Sio hotelini wala sokoni. Kwa hiyo kabla ya kutafuta duka la bei nafuu, wiki moja tazama pipa lako la taka na uandike kilichotupwa na sababu yake: kilioza, kilipikwa kingi, kilisahaulika nyuma ya friji. Chakula kilichotupwa umekilipia mara tatu, kukinunua, kukipika na kukihifadhi.

Kisha panga mapishi ya wiki ukianzia na kilichopo kabatini, si na unachotamani. Andika orodha, nenda umekula, nunua kilichoandikwa. Ukirudi, vitu vipya viende nyuma na vya zamani vije mbele. Kiporo kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili na kiliwe ndani ya siku tatu au nne. Kwenye vifungashio, tofautisha tarehe mbili: ile ya mwisho wa kutumia inahusu usalama, usiivuke, ile inayosema "bora kabla ya" inahusu ladha na ubora tu, na bidhaa kavu iliyoivuka kwa siku chache si ya kutupa.

Linganisha bei kwa uzito, kamwe usilinganishe kwa pakiti. Gawanya bei kwa gramu au mililita. Pakiti ya gramu 250 ikiuzwa 30 na ya kilo moja ikiuzwa 100, ukinunua ndogo nne umelipa 120, yaani asilimia 20 zaidi kwa kitu kilekile. Soma gramu kila mara, kwa sababu kiwanda kinaweza kuacha bei ilivyo na kupunguza uzito, na pakiti isibadilike sura. Lakini kikubwa kisinunuliwe kwa sababu ni kikubwa tu. Nafaka, sabuni, chumvi na mafuta, sawa. Kinachooza, nunua cha kukutosha.

Najua atakayesema: mimi nanunua kidogo kidogo kwa sababu ndicho nilichonacho mfukoni. Hiyo ni kweli, na ndiyo dhuluma kubwa iliyojificha kwenye maisha ya mwenye kipato kidogo, kwamba analipa bei ya juu kuliko mwenye nacho kwa kilo ileile. Hatua ya mwisho ni kwa ajili yake.

Hatua ya 7: Simu, intaneti na nauli

Fungua mipangilio ya simu, utazame programu zipi zinakula bando. Zima masasisho na video zinazocheza zenyewe unapotumia data ya simu. Tofauti ya ubora wa video ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: saa moja ya ubora wa chini inaweza kula MB 300, na ya ubora wa juu ikafika GB 3. Kwenye kioo cha simu, macho hayaoni tofauti ya mara kumi. Pitia pia huduma ulizojiunga zinazokatwa zenyewe kila mwezi, na futa ambayo hukuitumia mwezi uliopita. Ukiihitaji utajiunga tena.

Usafiri: unganisha shughuli za upande mmoja ziwe safari moja. Mwenye gari ajaze upepo wa matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva, aondoe mizigo isiyo na kazi, na asikimbize, kwani ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo.

Hatua ya 8: Riba

Unaweza kuokoa uniti zote duniani, mkopo mmoja mbaya ukazimeza. Mkopo wa riba ya asilimia 10 kwa mwezi unasikika mdogo. Usipoulipa na riba ikaendelea kujiongeza juu ya riba, deni la 100 linakuwa 314 baada ya miezi 12.

Uliza pia riba inahesabiwaje. Kama ni asilimia 20 kwa mwaka juu ya kiasi chote ulichokopa mwanzoni, huku unarejesha kila mwezi, unalipia riba pesa ambazo umeshazirudisha. Kwa wastani unakuwa na nusu tu ya mkopo mkononi, na gharama yake halisi inakaribia mara mbili ya ile namba uliyotajiwa. Riba inayohesabiwa juu ya salio lililobaki ndiyo ya kulinganisha. Mwambie anayekukopesha akuandikie jumla yote utakayorudisha hadi siku ya mwisho, pamoja na ada na bima. Akisita, ondoka.

Mwenye madeni kadhaa alipe kiwango cha chini kwa yote, na kila ziada ielekezwe kwenye lenye riba kubwa zaidi. Likiisha, pesa yake yote ihamie kwa linalofuata. Na ukiona huwezi kulipa bili mwezi huu, piga simu kabla ya tarehe. Anayejitokeza mapema mara nyingi hupewa mpango wa kulipa kidogo kidogo, wakati kukatiwa huduma huja na gharama ya kurudishiwa.

Hatua ya 9: Mtaji wa nyumba

Sasa una bili mbili, ya kabla na ya baada. Tofauti yake ni pesa halisi, na ndani ya wiki moja itapotea kama haikupewa kazi. Siku ileile unayolipa bili iliyoshuka, toa tofauti hiyo uiweke mahali pake: akaunti tofauti, au boksi ambalo halifunguliwi na mtu mmoja.

Mwezi wa kwanza itatosha kununua kitu kimoja kavu kwa kipimo kikubwa, tuseme sabuni ya miezi mitatu. Katika miezi hiyo mitatu, pesa uliyozoea kununulia vipakiti vya sabuni usiitumie kwingine, iingize boksini siku zilezile ambazo ungekwenda dukani. Ikifika mwisho utakuwa na pesa ya kununua sabuni kwa jumla tena, na juu yake ile ziada uliyokuwa unamwachia muuza vipakiti. Ziada hiyo inanunua nafaka kwa jumla. Nafaka nayo vilevile. Baada ya hapo balbu za LED, moja moja, ukianza na chumba kinachowaka muda mrefu zaidi. Kisha sufuria ya presha, kisha raba ya friji. Kila kimoja kinashusha bili nyingine na kurudisha pesa boksini.

Boksi likifika kiasi cha matumizi ya mwezi mmoja, liache likae hapo. Hicho ndicho kinachokuepusha na mkopo wa asilimia 10 siku mtoto anapougua. Ikibidi kuchota, chota bila aibu, lakini andika kwenye lile daftari la jikoni: tarehe, kiasi, jina, na siku ambayo kitarudishwa.